Bisi za Kumuaga Mzee

Jumatatu, 4 Machi

Habari imetoka rasmi. Mzee anastaafu Ijumaa. Mkuu wetu wa masjala, miaka thelathini na moja katikati ya majalada, na Ijumaa saa nane mchana tunamuaga kwa chai na hotuba. Wote walisema maskini, tutamkosa. Na mimi nilisema maskini. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye mlango wa chumba chake.

Maana kuna nafasi ya kukaimu. Mmoja wetu ataingia chumba kile. Kina dirisha! Mimi nimekaa kona ya ndani miaka kumi na tisa, nyuma ya makabati, ubavuni mwa mashine kubwa ya kunakili inayonipulizia joto la kiunoni kutwa nzima. Sijui kama mvua inanyesha mpaka mtu aingie amelowa. Nikikosa safari hii, nitastaafu nikiwa pale pale. Nimelisema hilo leo kimoyomoyo, nikaogopa kweli.

Mshindani ni mmoja tu. Mwenye Tai. Ana miaka sita kazini, lakini kila siku tai shingoni, hata umeme ukikatika na sisi wengine tumefungua vifungo mpaka kitovuni. Anajua kila jalada liliko. Barua zake zote zimepigwa mhuri kabla ya saa nne. Mtu wa namna hiyo si wa kumpa mgongo.

Halafu, saa kumi kasoro, bahati ikanijia yenyewe. Mzee alisimama mlangoni, akashusha pumzi. Akasema zamani saa kama hizi alikuwa na mfuko wake wa karatasi wa bisi. Sasa daktari amempiga marufuku mafuta. Hata tone! Tangu Oktoba hajatia bisi mdomoni. Alisema kwa sauti ya mtu anayemtaja marehemu.

Mwenye Tai alisema pole Mzee, akaendelea na mhuri wake. Mimi nilikuwa nimeshasimama. Nililizunguka kabati mara nne, kukaa siwezi. Bisi bila mafuta! Mama mkwe wangu anayo mashine inayopasua bisi kwa hewa ya moto. Hewa tupu!

Mpango ni huu. Ijumaa, hotuba zikiisha, nachomeka mashine mbele ya wote. Bisi zinamwagika bakulini. Mzee anatokwa na machozi. Mkurugenzi anaona. Nani mwingine atakaimu?

Nikatoka kazini moja kwa moja mpaka kwa mama mkwe. Mashine aliletewa na shemeji yangu, huitumia kila Jumapili jioni, kisha huifuta kwa kitambaa kikavu na kuirudisha juu ya kabati. Hajawahi kumuazima mtu. Nilisifu mapazia. Nikasifu vikombe. Nilipoanza kusifu miguu ya meza akaniuliza, mkwe wangu, unataka nini? Nikasema. Akakubali kwa masharti matatu: nisitie mafuta, nisizidishe kikombe kimoja kwa mpigo, na irudi kabla ya Jumapili. Akataka kunipa na mahindi yake, yamo kwenye mtungi uliokazwa kifuniko. Nilikataa kwa adabu zote. Mpango wangu, mahindi yangu.

Nimekwisha nunua kilo tano.

Jumanne, 5 Machi

Jaribio la kwanza kabla ya kwenda kazini. Kikombe cha kupimia ni kidogo kama cha dawa ya kikohozi. Ofisini tupo kumi na wanane! Nikamimina vikombe vitatu kwa mpigo. Mashine ilinguruma, punje zikazunguka mbio mbio, halafu zikaanza kuruka nje kwa mdomo wa juu zikiwa bado ni punje. Moja ilinipiga shavuni. Ya moto! Nyingine ziliingia kwenye cherehani ya mke wangu.

Mke wangu ni fundi. Ana sare arobaini za shule za kumaliza wiki hii. Alikuja mwenyewe akazima mashine. Akaitoa ile shehena, akapima kikombe kimoja, akawasha, akasimama pale amefunga mikono. Dakika tatu. Bakuli likajaa bisi nyeupe, kubwa, nyepesi. Akasema basi, umeshafaulu, Ijumaa fanya hivi hivi, sasa niache nishone.

Mtu mwingine angeridhika. Mimi niliingiza mkono chini ya bakuli, nikahesabu. Punje ishirini na saba hazikupasuka! Mzee ana meno ya kupachika. Akiuma moja tu mbele ya Mkurugenzi, kwisha habari yangu.

Kazini sikutulia. Kwa nini nyingine zinapasuka na nyingine zinakaidi? Nilikwenda maktaba ndogo, nikarudi. Nilikwenda chooni, nikarudi. Saa tano, nikiwa na barua ya mtu mkononi (sikumbuki ya nani, wala sikumbuki niliiweka wapi), jibu likanijia. Unyevu! Zilizokaidi zilikuwa mbichi ndani. Mashine ya hewa kavu inataka mahindi makavu. Nikiyakausha kikweli mpaka Ijumaa, haitabaki hata punje moja ya aibu. Nashangaa waliotengeneza mashine hawakuliona.

Jioni nilimweleza mke wangu. Akaacha kushona. Akasema kinachoipasua punje ni yale maji kidogo yaliyomo ndani, yakipata moto yanatafuta pa kutokea. Ukiyamaliza, itapasuliwa na nini? Ndiyo maana mama yake hukaza kifuniko.

Nilicheka mpaka nikakohoa. Fundi cherehani na maji ya ndani ya punje! Nikamwambia kwa upole aniachie mambo ya kitaalamu. Akarudi kwenye cherehani, akaikanyaga kwa nguvu kidogo kuliko kawaida.

Jumatano, 6 Machi

Asubuhi nimepanda juu ya paa na gunia. Nimetandaza kilo mbili, punje moja moja, hakuna iliyoilalia nyingine. Nilishuka nimefurahi. Kufika getini nikageuka nitazame kazi yangu. Njiwa! Kundi zima, wanakula kwa utulivu. Nikapiga makofi. Wakainua vichwa, wakaniona ni nani, wakaendelea.

Nikapanda tena, safari hii na suruali ya kazini. Ilichanika mahali pasipotajika. Mke wangu aliishona nikiwa nimeivaa, akanichoma sindano mara mbili. Ya kwanza ilikuwa bahati mbaya. Nimefika kazini nimechelewa dakika arobaini, na kilo mbili zimebaki moja na nusu. Mwenye Tai aliitazama saa ya ukutani, kisha akanisalimia. Salamu yenye dharau!

Lakini kichwa hakilali. Nimekaa, joto la mashine ya kunakili likanipiga kiunoni kama kawaida, na badala ya kulilaani nikaruka juu. Joto! Bure! Bila njiwa! Trei yangu ya barua zinazoingia imekaa sawasawa na lile tundu linalotoa hewa. Ndani mlikuwa na barua za tangu juzi ambazo sijapata nafasi ya kuzigusa. Nikazifunika kwa gazeti, nikamwaga mahindi juu yake, nikayasambaza kwa rula. Yalienea vizuri mno. Kila robo saa nayageuza.

Shida moja: mashine haitoi joto mpaka ifanye kazi. Nimenakili fomu ya likizo nakala mia nne. Sijui ni nani atakayekwenda likizo zote hizo.

Mwenye Tai alipita akauliza kile ni nini. Nikasema sampuli. Sampuli ya nini? Nikasema ya siri. Akasema, kwa sauti yake ile ya kupigwa pasi, kwamba trei ni ya barua. Nikamwambia kila mtu na trei yake. Huyo ameshanusa kitu!

Jioni, tatizo jipya. Chumvi. Bisi zisizo na mafuta hazishiki chumvi, yote inateremka chini ya bakuli. Mzee anapenda chumvi. Nikachukua ile chupa ya mke wangu ya kunyunyizia nguo wakati wa pasi, nikatia maji ya chumvi, nikanyunyiza. Lo! Bisi zilinywea mbele ya macho yangu, zikalala. Nikaionja moja. Sifongo.

Basi nikawaza: tone la mafuta. Si kwenye bisi, kwenye mashine, ili yawe yamegeuka mvuke, na mvuke si mafuta. Daktari gani atakataa mvuke? Kijiko kimoja tu. Pengine viwili. Moshi ulitoka mdomoni mwa mashine, mweusi, na harufu ya kitu kilichoungua tangu enzi za mababu. Mke wangu alibeba sare zote kifuani akakimbilia nje. Halafu mashine ikanyamaza. Kimya! Nikabofya swichi. Kimya. Nikaitikisa. Kimya.

Mama mkwe! Nilizunguka meza nikitunga maneno ya kumwambia, na kila niliyoyatunga yalianzia kwenye neno mafuta. Nikaipiga kofi la ubavuni. Baada ya nusu saa nikalipiga la pili, ikanguruma! Mke wangu, kutoka barazani, akasema mashine hizo zikipata moto kupita kiasi hujizima zenyewe mpaka zipoe. Mimi najua ni lile kofi.

Alhamisi, 7 Machi

Sijaweza kukaa hata dakika tano. Mkono wangu wenyewe unakwenda kwenye trei. Mahindi yamekauka mpaka yanalia yakigongana, kama vifungo vya shati. Nikiyachota yanatoa vumbi. Ushindi!

Saa tatu Mwenye Tai akaja mezani kwangu. Akauliza kama nimeangalia trei yangu wiki hii. Akasema Utumishi wamepiga simu mara mbili kuuliza kama nina jibu. Nikamwuliza jibu la nini. Akasema hajui, si lake, ila kaka yangu, inua hilo gazeti uangalie.

Inua gazeti! Nimwage kilo moja na nusu ya punje zilizobakiza siku moja tu kukamilika! Mtego wa kitoto. Nikamshukuru kwa meno ya mbele. Akaondoka akitikisa kichwa. Adhuhuri nimemwona anabeba kapu la machungwa kuyaficha stoo. Machungwa! Hiyo ndiyo silaha yake. Nilicheka peke yangu nyuma ya kabati.

Saa tisa Mzee aliniita chumbani kwake. Dirisha lilikuwa wazi. Nilisikia upepo shingoni, upepo wa kweli, nikasahau nilichoitiwa. Aliniketisha. Akanitazama kama anayengoja. Akauliza kama nina neno lolote la kumwambia, leo, kabla ya saa kumi.

Kumbe fununu za bisi zimemfikia! Nikamwambia, "Kesho, Mzee. Kesho utaliona mwenyewe." Nikamkonyeza.

Akasema basi, mwanangu, kila mtu anaijua nafsi yake, na hatanilaumu. Akanishika bega. Alionekana ana huzuni, ila mtu anayestaafu lazima awe na huzuni. Nikarudi kwenye kona yangu kugeuza mahindi. Saa ya ukutani ilipopiga saa kumi nilikuwa nanakili fomu ya likizo nakala ya mia tisa.

Nyumbani nimesaga chumvi mpaka imekuwa unga mwembamba kabisa, ili ishike. Mke wangu akaniambia nijaribu angalau kikombe kimoja cha yale mahindi makavu kabla ya kesho. Nimekataa. Nisipoteze punje zilizofuzu kwa majaribio ya nyumbani!

Ijumaa, 8 Machi

Naandika kwa taabu. Lakini niandike, maana nisipoandika nitazunguka meza mpaka nizimie.

Saa nane ukumbi mdogo ulijaa. Mkurugenzi aliketi mbele. Ni mama mmoja asiyecheka, anayekumbatia mkoba wake mapajani kana kwamba tutauiba. Mwenye Tai alitoa machungwa yake, yamemenywa, yamepangwa kwenye sinia. Watu wakachukua moja moja, wakasema ahsante. Basi. Hakuna aliyetokwa na machozi.

Zamu yangu! Niliinuka nikaivua kitambaa mashine ya mama mkwe. Watu walinong'ona. Nikatoa hotuba fupi. Nilimwambia Mzee kwamba wapo waliomsikia akisema neno Jumatatu wakalisahau, na yupo aliyelisikia akalibeba moyoni. Nilimtupia Mwenye Tai jicho. Nikasema: Mzee, bisi, bila tone la mafuta. Mzee aliweka mkono kifuani. Macho yake yaling'aa kweli. Nikabofya.

Mashine ikanguruma. Punje zikazunguka. Dakika moja. Nikatabasamu. Dakika mbili. Zilikuwa zinazunguka tu, kwa kelele za kokoto ndani ya debe. Dakika tatu. Zikaanza kuwa kahawia. Nikaipiga kofi. Dakika nne. Mtu wa nyuma akauliza kama ni blenda. Hakuna hata moja iliyopasuka. Hata moja! Wapi zile ishirini na saba, leo zilikuwa zote!

Nikaongeza kikombe cha pili ili kuzisukuma. Hapo ndipo zilipoanza kutoka. Zilitoka kwa mdomo wa juu, za moto, ngumu, moja baada ya nyingine, kama zinajua zinakokwenda. Watu wakainama chini ya meza. Moja iligonga glasi. Moja ilitumbukia kwenye kikombe cha chai cha Mkurugenzi, na kwa kuwa alikuwa amekishika mdomoni, chai ikamrukia puani. Mwenye Tai aliruka, si kunizuia, alivuta waya kwenye soketi. Unga wangu wa chumvi ulikuwa bado unaelea hewani, na watu watatu walipiga chafya.

Mzee aliokota punje moja mezani. Akaitia mdomoni. Tulisikia ko! Akaitoa, akaitazama, halafu akacheka. Alicheka mpaka akavua miwani. Akasema katika miaka thelathini na moja hajawahi kuagwa kwa risasi. Kila mtu akacheka, isipokuwa Mkurugenzi, aliyekuwa anajifuta, na mimi.

Kisha Mkurugenzi akasimama akasoma karatasi. Atakayekaimu ni Mwenye Tai. Makofi. Nikapiga na mimi makofi, mikono ilipiga yenyewe.

Nilikuwa nakunja waya wakati Mzee aliponivuta pembeni. Akasema amefurahi, kweli amefurahi, hajawahi kuona mtu akijisumbua hivi kwa ajili yake. Kisha akasema bado hajaelewa kwa nini nilikataa. Nilikataa nini? Akasema barua. Jina la kwanza alilolipendekeza lilikuwa langu. Miaka kumi na tisa, alisema, ilikuwa haki yangu. Barua ya Utumishi ililetwa kwenye trei yangu Jumatatu mchana. Kuweka sahihi tu na kuirudisha, mwisho Alhamisi saa kumi. Jana aliniita anisikie kwa mdomo wangu mwenyewe, nikamwambia kesho na kumkonyeza. Kwa kuwa sikusaini, ilikwenda kwa jina la pili.

Nilikwenda kwenye kona yangu. Nikainua gazeti.

Bahasha ya kahawia. Jina langu, limepigwa chapa vizuri. Ilikuwa ya juu kabisa, haikuwa na kitu juu yake isipokuwa gazeti na mahindi. Karatasi ya ndani ilikuwa imekauka mpaka inakatika kwenye mkunjo. Nilikaa pale nikaisoma mara tatu. Joto la mashine likinipiga kiunoni. Kisha nililia. Sikujificha wala nini, nyuma ya makabati hakuna anayeona.

Nyumbani mke wangu aliniangalia tu, akajua. Aliweka kando sare, akaifuta mashine, akapima kikombe kimoja cha mahindi yake mwenyewe kutoka kwenye kopo lililofungwa. Bakuli likajaa. Tulikula wote wawili. Zilikuwa tamu, hata bila chumvi. Sikuhesabu za chini.

Jumamosi, 9 Machi

Nimelala vizuri. Nimeamka nikaliona jambo kwa mtazamo mwingine.

Kosa ni la bahasha. Barua muhimu haiwekwi kwenye bahasha ya kahawia sawa na barua za malalamiko ya mabomba yanayovuja. Wangetumia nyeupe ningeiona. Nimelieleza hili kwa mke wangu akiwa anapiga pasi. Akageuza kola, akaendelea. Nikaeleza tena. Akaniuliza kama nimeomba radhi kwa Mwenye Tai, aliyeniambia waziwazi niinue gazeti. Nikasema aliniambia kwa namna isiyoaminika. Mtu mwenye tai akikwambia kitu, utajuaje ni cha kweli?

Na mahindi hayakuwa na kosa. Yalikauka vizuri. Nadhani yalikauka siku moja zaidi tu.

Mchana nimerudisha mashine. Mama mkwe aliipokea kwa mikono miwili, akaiinua mpaka puani. Akanusa. Akanitazama. Akanusa tena. Nilisifu mapazia. Akasema mkwe wangu, mashine hii imelishwa mafuta. Nikasema mvuke, mama, mvuke tu. Alikwenda jikoni akarudi na kitambaa, akakiweka mkononi mwangu. Nimeifuta kwa saa mbili, yeye ameketi kwenye kiti akinionyesha kwa kidole mahali ambapo bado.

Jumatatu, 11 Machi

Mwenye Tai amehamia chumba chenye dirisha. Saa mbili na nusu alikuja kwenye kona yangu. Nilijiandaa kwa masimango. Hakusema lolote kuhusu Ijumaa. Aliketi kwenye ukingo wa meza yangu, akalegeza tai (mara ya kwanza naona shingo yake), akasema kukaimu ni miezi mitatu tu. Nafasi ya kudumu inatangazwa leo leo. Na yeye anaona mimi ndiye ninayestahili, maana yeye anataka kurudi masomoni. Akatoa fomu, ameshaijaza sehemu ya mkuu wa kitengo, ameandika maneno mazuri juu yangu ambayo sikujua anayafikiria. Imebaki sahihi yangu, na kuipeleka Utumishi. Mwisho kesho, saa kumi kamili. Akanisihi niipeleke mapema. Alisema mara mbili.

Niliguswa. Nakiri. Nilimshika mkono, nikamwita ndugu yangu.

Nimeweka sahihi pale pale! Mbele yake! Nikaikunja fomu nikaitia mfuko wa shati. Kutoka kona yangu mpaka Utumishi ni ngazi mbili na korido moja. Nilikuwa nimeshafika ngazi ya kwanza niliposikia makarani wawili wanazungumza. Atakayesimamia usaili ni Mkurugenzi mwenyewe. Yule aliyepaliwa na chai yangu! Wakaendelea kusema kwamba ana udhaifu mmoja tu duniani. Aiskrimu ya vanila. Lakini ile ya kukorogwa kwa mkono, ya dukani haigusi.

Niliganda kwenye ngazi.

Jumanne, 12 Machi

Nimeomba ruhusa ya ugonjwa. Niko kwa mama mkwe tangu saa tatu asubuhi. Anayo ndoo ya mbao ya kukorogea aiskrimu, yenye mkono wa chuma wa kuzungusha. Alikuwa ameificha chini ya kitanda, lakini nilisifu mapazia mpaka akachoka. Masharti sita safari hii. Nimeyasahau mawili.

Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia unazungusha. Barafu nje, maziwa ndani, chumvi kwenye barafu. Wanasema konzi moja ya chumvi inatosha. Nimetia mfuko mzima, ili igande kwa nguvu. Mpango ni safi: nampelekea Mkurugenzi bakuli, anasahau ile chai, na usaili unakuwa salamu tu.

Mke wangu amepita mara tatu. Mara ya kwanza, saa nne, akauliza fomu iko wapi. Nikampapasia mfuko wa shati. Mara ya pili, saa saba, akasema nimpe aipeleke yeye. Nikakataa, jambo kama hili mwanamume hupeleka mwenyewe, na aiskrimu mkononi, vitu viwili kwa safari moja. Mara ya tatu amekuja sasa hivi. Hakuuliza chochote. Alisimama mlangoni na mama yake, wote wawili wamefunga mikono kwa namna ile ile, wanaitazama saa ya ukutani.

Inaonyesha saa kumi na dakika ishirini. Nikawaambia wasiwe na hofu, saa za watu wazima huwa zinakwenda mbele. Mama mkwe akasema hiyo yake inachelewa.

Haidhuru. Aiskrimu imeanza kushika.